Mbwa Mchanga Aachwapo Peke Yake Nyumbani

Watu wengi hupenda kufuga mbwa, maana mbwa hulinda nyumba usiku, hufukuza nyani na ngedere shambani, tena ni rafiki wa watoto. Lakini mara nyingi mtoto wa mbwa aletwapo nyumbani, furaha hugeuka kuwa hasira katika siku chache tu. Asubuhi watu wa nyumba hutawanyika: wakubwa huenda kazini au shambani, na watoto huenda shuleni. Warudipo huona kiatu kimetafunwa kisigino, mkeka umechanwa, na daftari la hesabu limekuwa vipande vipande. Mbwa hupigwa, na kesho yake hufanya vile vile. Mwisho watu husema ya kwamba mbwa huyu ni mwovu, humchukua mbali na kumtupa njiani. Hivyo nyumba hupoteza mlinzi, na mbwa hubaki bila chakula wala makao, ingawa kosa lake lingaliweza kuondolewa kama watu wangalijua sababu zake.

Sababu ya kwanza ni meno. Mtoto wa mbwa huzaliwa hana meno. Apatapo majuma matatu hivi, meno ya utoto huanza kuota, nayo yakitimia huwa 28. Afikapo miezi mitatu au minne, meno hayo huanza kung'oka, na meno ya ukubwa huota mahali pake. Kwa kawaida, apatapo miezi saba hivi huwa na meno 42. Muda huo wote ufizi humwasha na kumwuma, na kuguguna kitu humpa nafuu, kama vile mtoto mchanga wa mtu aotapo meno hutia kinywani kila akipatacho.

Sababu ya pili ni kwamba mbwa hana mikono. Mtu akitaka kujua kitu hukishika na kukigeuza. Mbwa hukinusa, hukilamba na kukiuma. Na kwa kuwa pua yake ni kali sana, kiatu humvuta kuliko vitu vingine, maana kina harufu ya ngozi na ya jasho la mwenye nyumba.

Sababu ya tatu ni upweke. Mbwa kwa asili si mnyama wa kukaa peke yake. Akiachwa saa nyingi bila mwenzi wala kazi, nguvu zake hutafuta njia ya kutokea, naye hujifanyia kazi yake mwenyewe, ndiyo kutafuna.

Basi kwa nini fimbo haimfundishi? Katika nchi ya Urusi alikuwako mtaalamu aitwaye Ivan Pavlov, aliyezaliwa mwaka 1849 na kufa mwaka 1936. Mwaka 1904 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya jinsi chakula kinavyoyeyushwa tumboni. Katika kazi yake aliona ya kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla tu ya kupewa chakula, hutokwa na mate asikiapo mlio ule, hata kama chakula hakijaja. Mbwa huunganisha mambo mawili yanayofuatana upesi. Lakini akitafuna kiatu saa tatu asubuhi na kupigwa saa tisa alasiri, hawezi kuyaunganisha mambo hayo. Aonalo ni kwamba bwana wake amefika, na mapigo yamefika pamoja naye. Ndiyo sababu hukunja mkia na kuinamisha kichwa mlango ufunguliwapo. Watu husema anajua kosa lake, kumbe anaogopa uso wenye hasira. Na mbwa mwenye hofu hutafuna zaidi akiachwa tena.

Dawa ya kwanza ni kuondoa vitu. Viatu viwekwe juu ya rafu au ndani ya sanduku, vitabu vitiwe mkobani na mkoba utundikwe, na nguo zisiachwe sakafuni. Kisha yafaa mbwa atengewe mahali pake, kama ua uliozungushiwa wigo au chumba kimoja kisicho na vitu vingi, penye kivuli, hewa na maji safi. Asifungwe kwa mnyororo mchana kutwa, maana huko ni kumwongezea uchungu. Zaidi ya yote, asiweze kufikia sumu ya panya, nyaya za umeme, sindano na uzi. Hapo si mali tu inayoharibika, bali maisha ya mbwa yamo hatarini. Hata kipande cha nguo kilichomezwa chaweza kuziba utumbo. Mbwa atapikaye mara kwa mara na kukataa chakula apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia.

Dawa ya pili ni kumpa kitu chake cha kutafuna. Kamba nene iliyofungwa mafundo yafaa, ila ikianza kufumuka itupwe, asije akameza nyuzi zake. Upo pia mpira mgumu wenye tundu, uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Tundu hilo likishindiliwa ugali uliochanganywa na supu ya nyama isiyo na chumvi wala kitunguu, mbwa hushughulika kuulamba kwa muda mrefu. Kitu hicho kiwe kikubwa, asiweze kukimeza. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, isitolewe, kwa kuwa huvunjika ikawa na ncha kali zinazoweza kumchoma koo na tumbo. Wala asipewe kiatu kikuukuu. Mbwa hawezi kupambanua kiatu kilichochakaa na kile kilichonunuliwa jana. Akiruhusiwa kimoja, ameruhusiwa vyote.

Akikutwa na kitu kisicho chake kinywani, asikimbizwe, maana yeye hudhani ni mchezo. Apewe kitu chake badala yake, na akikipokea asifiwe papo hapo. Hapo ndipo mambo mawili yanapofuatana upesi, naye hujifunza.

Dawa ya tatu ni kumzoeza upweke kidogo kidogo. Kabla watu hawajaondoka, mbwa achezeshwe, alishwe, na kupelekwa nje kujisaidia. Mbwa aliyechoka na kushiba hulala. Katika siku za kwanza mtu atoke kwa dakika moja tu, akarudi kabla mbwa hajaanza kulia. Baadaye iwe dakika tano, kisha kumi na tano, kisha nusu saa, na kuendelea. Kutoka kuwe kwa utulivu, na kurudi vile vile, ili mbwa aone ya kwamba kuondoka kwa watu ni jambo la kawaida. Tena mbwa wa miezi mitatu hawezi kuzuia mkojo kwa zaidi ya saa tatu hivi. Kwa hiyo haifai kumwacha tangu asubuhi hata jioni. Jirani au ndugu aombwe kumtazama adhuhuri, au watoto wa nyumba wapokezane, kama shule iko karibu.

Wako mbwa wachache ambao hulia na kutokwa na mate mara tu watu waondokapo, na meno yao huuma mlango na dirisha kuliko viatu. Hao hawatafuni kwa kucheza, bali kwa hofu ya kuachwa. Mbwa wa namna hiyo asifungiwe kwa nguvu, maana aweza kujiumiza. Azoezwe polepole kuliko wengine, na ikiwezekana asiachwe peke yake kabisa mpaka hofu yake ipungue.

Kazi hii yahitaji saburi na umoja. Mtoto mmoja akimchezea mbwa kwa soksi, na mwingine akimgombeza kwa soksi ile ile, mbwa hatajua lipi ni sheria. Meno ya ukubwa yakiisha kuota, mbwa wengi hupunguza kutafuna, ingawa wengine huendelea hata kupita mwaka mmoja. Wahenga walisema, “Samaki mkunje angali mbichi.” Mafunzo ya miezi ya kwanza ndiyo yatakayomfanya mbwa awe mlinzi mwaminifu au mzigo wa nyumba. Naye mbwa hajui bei ya kiatu wala kazi iliyomo katika daftari. Ajuaye ni mwenye nyumba. Basi kuviweka mahali pake ni juu ya mwenye nyumba.