Mafuta yanapovuja chini ya ardhi ya Muscat

Wakazi wa Muscat hutegemea zaidi maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, utaratibu ulioanza Ghubrah mwaka 1976. Hata hivyo, maji ya visima na ya mifereji ya kale iitwayo aflaj yangali tegemeo la wakulima wa Oman.

Adui wake mmoja ni tangi la kituo cha mafuta linalovuja kimyakimya. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake. Lakini kemikali yake ya benzini, isababishayo saratani ya damu, huyeyuka na kusafiri na maji. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza isizidi mikrogramu 10 kwa lita.

Wataalamu huchimba visima vidogo vya uchunguzi kuzunguka kituo na kupima sampuli mara kwa mara. Kisha mafuta yanayoelea huvutwa kwa pampu, mvuke hufyonzwa udongoni, na hewa husukumwa chini ili bakteria wamalize mabaki. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka.

Mwaka 2001 Oman ilitunga sheria ya kulinda vyanzo vya maji ya kunywa. Lakini dalili ya kwanza mara nyingi hujificha katika daftari la kituo: lita zilizopokelewa zinapozidi zilizouzwa na zilizobaki, ardhi huenda imekwisha kunywa tofauti hiyo.