Utoto Mtakatifu: Kutoka Horini Hadi Bagamoyo

Fungueni madaftari yenu, mwandike neno moja: HORI. Hori ni chombo cha kulishia ng'ombe.

Kila Noeli, katika makanisa mengi, hutengenezwa pango la majani, na ndani yake sanamu ya mtoto mchanga amelazwa horini. Huyo ni Yesu. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitengeneza hori kijijini Greccio, Italia, ili watu waone kwa macho jinsi Yesu alivyozaliwa maskini. Desturi ikaenea. Hapa kwetu wako mafundi wa Kimakonde wanaochonga sanamu hizo kwa mpingo, zenye sura za watu wetu.

Pengine mtauliza: je, kumheshimu mtoto wa mpingo kunamsaidia nini mtoto mwenye njaa? Swali hilo ni la haki.

Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha chama cha watoto, akakiweka chini ya ulinzi wa Mtoto Yesu. Kikaitwa Utoto Mtakatifu. Kila mtoto alisali Salamu Maria moja kwa siku, na kutoa sarafu moja ndogo kwa mwezi. Basi, hayo tu.

Kwanza waliwafikiria watoto wa China. Lakini sehemu ya fedha hizo ilifika pwani yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuja Unguja mwaka 1863, wakafika Bagamoyo mwaka 1868. Waliwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa utumwani, wakawafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono. Hivyo sarafu ya mtoto wa Ufaransa ilisaidia kumfungua mtoto wa bara, ambaye hawakupata kuonana.

Tusifiche upande wa pili. Fedha ya ukombozi iliingia mikononi mwa wafanya biashara wale wale. Na watoto wengi hawakurudi makwao; walikulia misheni chini ya sheria kali, wakaoana huko. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza.

Utoto Mtakatifu ukawa shirika la Kipapa mwaka 1922, na leo upo katika parokia nyingi za Tanzania.

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi tatu zenye neno KOMBOA. Mwenye mtoto katika shirika hilo amwombe amsomee anachojifunza huko, kisha naye amsomee sentensi zake. Kwaherini.