Picha ya mtoto aliyepotezana na wazazi

Kama ulitoka Musaga unakumbuka Aprili 2015: risasi mtaani, watu wanakimbia, mtoto huku, mama kule. Ukikuta mtoto yuko peke yake, mpeleke kwa wahudumu wa watoto siku hiyohiyo. Usishangae wakimpiga picha kwa simu. Kule Uganda, mwaka 2013, wahudumu waliandikisha watoto wa Kongo kwa programu ya simu iitwayo RapidFTR. Picha, jina na kijiji viliwekwa pamoja ili vilinganishwe na maelezo ya wazazi, na aliyeweza kuviona ni mwenye neno la siri tu.

Mtoto mdogo humwita baba yake "papa" basi, ila soko la kwao analijua. Mwambie mhudumu. Lakini wewe usisambaze picha yake kwa simu: mtu mbaya akishajua jina la mama, atakuja kudai ni mjomba.