Je, Wajua? Kasri Linalozidiwa Urefu na Mnazi

Wengi wakiingia kwenye bustani ya burudani hukimbilia foleni za bembea. Wachache hujiunga na kundi dogo nyuma ya mwongoza wageni aliyevaa vazi la mirabaraba, wakatembea polepole kwa saa kadhaa huku sauti yake ikiwafikia kwa kifaa cha sikioni. Hiyo ni ziara ya historia ya Disneyland, mjini Anaheim, California, ambayo kwa miaka mingi imefahamika kama ziara ya kufuata nyayo za Walt, yaani Walt Disney mwenyewe, mwanzilishi wake. Utamu wake ni huu: mahali palipojengwa kwa ndoto na rangi pamejaa vitu vya kweli kabisa, na unaweza kuvipita mara mia usivione mpaka atokee mtu wa kukuonesha. Haya, tufuatane.

Yote yalianzia kwenye benchi

Disneyland ilizaliwa kwa sababu baba mmoja alichoka kukaa tu. Walt Disney alikuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye bembea ya farasi wa mbao katika bustani ya Griffith, Los Angeles. Wao wakizunguka, yeye aliketi kwenye benchi akiwatazama, akajiuliza mbona hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kufurahi pamoja. Benchi moja kutoka hapo leo limewekwa ndani ya bustani yake kama kumbukumbu. Mzazi yeyote aliyewahi kushika viatu vya mwanawe chini ya bembea siku ya Idi anamwelewa vizuri sana.

Ramani iliyochorwa kwa siku mbili

Mchoro mkubwa wa kwanza wa bustani nzima ulikamilika Jumamosi na Jumapili tu, tarehe 26 na 27 Septemba 1953. Walt alimwita mchoraji Herb Ryman, akakaa ubavuni mwake akimsimulia, naye akachora. Kaka yake Walt, Roy Disney, alihitaji kitu cha kuwaonesha wenye fedha kule New York, na karatasi ile ndiyo iliyofungua mifuko yao. Mwaka 2017 iliuzwa mnadani kwa dola 708,000. Fikiria: kazi ya wikiendi moja!

Mwaka mmoja, kutoka machungwa hadi kasri

Mwaka 1954 hapo palikuwa na mashamba ya machungwa. Julai 1955 palikuwa na kasri, reli, mto na meli. Eneo lililonunuliwa lilikuwa ekari 160, karibu sawa na viwanja 90 vya mpira wa miguu, na ujenzi uligharimu takriban dola milioni 17. Wapo watu ambao kwa muda huohuo hawajamaliza msingi wa nyumba ya vyumba vitatu.

Mtende uliokataa kuondoka

Mti mmoja ndani ya Disneyland umeizidi bustani yenyewe umri kwa karibu miaka 60. Ni mtende uliopandwa mwaka 1896, zawadi ya harusi kwa wenye shamba wa wakati huo. Ukoo wa Dominguez ulipouza ardhi, uliomba jambo moja: mtende usikatwe. Ukahamishwa na shina lake zito, ukapandwa upya sehemu ya bustani inayoitwa Adventureland, na mpaka leo umesimama. Kijana wa ukoo huo, Ron Dominguez, aliyekulia shambani hapo, aliajiriwa mwaka 1955 kupokea tiketi mlangoni, akapanda ngazi hadi kuwa makamu wa rais mtendaji. Mti ulibaki na mtoto wa nyumbani akabaki.

Michungwa iliyopandwa miguu juu

Kwenye safari ya mashua ya msituni, baadhi ya matawi yaliyoonekana siku ya ufunguzi yalikuwa mizizi! Mtaalamu wa bustani Bill Evans alihitaji msitu mnene haraka, na miti haina haraka. Akachukua miti iliyong'olewa kupisha ujenzi, akaipindua kichwa chini na kuipanda hivyohivyo, mizizi ikining'inia hewani kama matawi ya porini. Fedha ilipopungua, akili ilijazia. Na miti aliyokusudia isiguswe? Yeye mwenyewe alisimulia kwamba waliifunga utepe wa rangi, kisha dereva wa tingatinga akaiangusha yote, kwani macho yake hayakutofautisha rangi.

Choo au maji ya kunywa?

Siku ya ufunguzi, Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakutoa hata tone. Mafundi bomba walikuwa wamegoma wiki za mwisho, ikambidi Walt achague: vyoo vifanye kazi, au mabomba ya kunywa. Alichagua vyoo, na nani angemlaumu? Joto lilifika kama nyuzi 38, lami ya usiku uliotangulia ilikuwa bado laini, na viatu vya akina mama vyenye visigino virefu vikazama humo kama vijiko kwenye uji. Watu wapatao 28,000 waliingia, wengi kwa tiketi za kughushi, na yote hayo yakioneshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Pamoja na hayo, wiki saba baadaye mgeni wa milioni moja alipita mlangoni. Mwanzo mbaya haukuua kitu kizuri.

Nguzo ya bendera iliyotokana na ajali

Kitako cha nguzo ya bendera pale uwanja wa kuingilia kilikuwa cha taa ya barabarani iliyogongwa na gari. Mpambaji Emile Kuri aliikuta imelala barabara ya Wilshire, Los Angeles, akainunua kwa dola tano. Taa za gesi zilizojipanga mstari hapo karibu nazo ni za kweli, za karne ya 19, zilizotoka miji ya mashariki ya Marekani kwa bei ya chuma chakavu. Inua macho pia usome madirisha ya ghorofani. Majina yaliyochorwa humo kana kwamba ni ya wenye maduka ni ya watu walioijenga bustani, waungwana walioshukuriwa kwa rangi na brashi.

Kasri fupi kuliko mnazi

Lile kasri maarufu la Mrembo Aliyelala lina urefu wa meta 23 tu, na minazi mirefu ya pwani yetu hulipita. Mbona basi linaonekana kugusa mawingu? Jicho limechezewa: mawe ya chini ni makubwa, na kadiri kuta zinavyopanda mawe yanazidi kuwa madogo, hivyo akili inadhani kilele kiko mbali sana. Maduka ya barabara kuu yamejengwa kwa hila hiyohiyo, ghorofa ya juu ikiwa ndogo kuliko ya chini. Wachoraji wake waliiga kasri la Neuschwanstein la Mfalme Ludwig II wa Bavaria, Ujerumani. La ajabu zaidi: kasri lilifunguliwa mwaka 1955, na filamu yenye jina lake ikatoka mwaka 1959. Nyumba ilimtangulia mwenye nyumba kwa miaka minne!

Zawadi ya ndoa ya tani tano

Kando ya mto wa bustani kuna kisiki cha mti uliogeuka jiwe, chenye umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 55 hadi 70. Walt alikinunua mwaka 1956 akiwa safarini Colorado, kwa dola 1,650, akampa mkewe Lillian kuadhimisha miaka 31 ya ndoa. Wengine huleta kanga. Yeye alileta jiwe la tani tano. Mama akakitoa kwa bustani mwaka uliofuata, na kibao kilichopo hapo kinaeleza hivyo. Kupima umri wake, kumbuka fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, lenye miaka takriban milioni 1.75. Kisiki hiki kimelizidi angalau mara 30, na watoto hukipita mbio wakitafuta askrimu.

Farasi waliotoka Kanada

Bembea ya farasi iliyo nyuma ya kasri ilianza kuzunguka mwaka 1922, miaka 33 kabla ya bustani kuwepo. Ilitengenezwa na kampuni ya Dentzel na ikawafurahisha watoto wa Toronto kabla ya Walt kuinunua na kuihamishia California. Alitaka farasi wote wawe wanaoruka, asibaki hata mmoja aliyesimama tu, ili kila mtoto ajione ameshinda mashindano. Mbao hizo zimebeba bibi, binti na mjukuu wa familia moja.

Mlima ndani ya bustani, uwanja ndani ya mlima

Disneyland ina mlima, na ndani ya mlima kuna goli la mpira wa kikapu! Mlima huo uliofunguliwa mwaka 1959 ni nakala ya Matterhorn, ulio mpakani mwa Uswisi na Italia. Wa kweli una meta 4,478, wa bandia una karibu meta 45, yaani sehemu moja ya mia. Kwa kipimo hicho Kilimanjaro yetu ingekuwa na meta 59. Vigari vinavyoteremka humo kwa kasi vilikuwa vya kwanza kutumia reli za mabomba ya chuma, na mbinu hiyo sasa imeenea katika bustani za dunia nzima. Lile goli liliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi, wapate kuchangamsha mwili wakati wa mapumziko.

Kiongozi wa Kisovieti aliyekosa tiketi

Mwaka 1959 mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote duniani alizuiwa kuingia Disneyland. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alipofika Los Angeles mwezi Septemba aliambiwa kwamba usalama wake hautaweza kuhakikishwa huko. Alikasirika mbele ya wageni wa chakula cha mchana, akauliza kama kuna kipindupindu au mitambo ya kurushia makombora. Miaka minne tu baada ya kufunguliwa, bustani ya watoto ilikuwa imeingia kwenye habari za siasa za dunia.

Stesheni inayohutubia kwa milio

Simama stesheni ya treni ya New Orleans Square, utege sikio. Ti-ti, ta, ti. Utasikia mashine ya telegrafu ikigonga ofisini, bila mtu. Wapitao hudhani ni kelele za mapambo, kumbe ni maneno: sehemu ya hotuba fupi aliyoitoa Walt siku ya ufunguzi, iliyogeuzwa kuwa alama za telegrafu ya zamani. Anayejua lugha hiyo anaweza kuisoma kwa masikio, neno kwa neno.

Taa isiyozimwa

Juu ya kituo cha zimamoto, kando ya uwanja wa kuingilia, kuna nyumba ndogo isiyozidi meta za mraba 50, na dirishani mwake taa huwaka usiku na mchana. Hapo ndipo Walt alipojihifadhi na familia yake alipokuja kukagua kazi, na taa ikiwaka wafanyakazi walijua mwenyewe yumo. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966. Taa wakaiacha iwake. Katika bustani yenye balbu zisizohesabika, waongoza wageni husimama kuionesha hiyo moja.

Lamu imefika Florida

Ukitaka kusoma Kiswahili ukutani Marekani, nenda Florida, kwenye bustani ya Disney's Animal Kingdom iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Humo kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, na wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde walifunga safari hadi Lamu kutazama kuta, rangi na milango kabla ya kuujenga. Mafundi wa Kizulu waliletwa kutoka Afrika Kusini kuezeka mapaa ya nyasi kwa mikono yao. Chini, karibu na lango la mji, yameandikwa maneno ambayo hayahitaji mkalimani: Uhuru 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipojitawala. Eneo la safari ya wanyama lililo jirani linaitwa Kilimanjaro, nalo lina ukubwa wa viwanja zaidi ya 60 vya mpira.

Na Lamu yenyewe ipo. Ngome yake ilikamilika mwaka 1821, na mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Hakuna kifaa cha sikioni, lakini barazani kuna wazee wanaojua kila mlango ulichongwa na fundi wa ukoo gani na nyumba ilijengwa kwa harusi ya nani. Piga hodi, toa salamu, kisha uliza. Mtende wa Anaheim haukuokolewa na sheria. Uliokolewa na watu waliojua habari zake na wakazisema.