Risasi Nzito ya Ncha Butu

Nyati aliyepigwa risasi asife haendi mbali. Hujificha katika kichaka karibu na njia, akatulia huku maumivu yakimla, na mtu wa kwanza kupita hapo ndiye alipaye deni. Pengine mtu huyo si mwindaji. Pengine ni mama aendaye kuteka maji, au mtoto achungaye mbuzi, ambaye hata mlio wa bunduki hakuusikia. Kwa sababu hiyo wawindaji wenye heshima walishika sheria moja: mwenye kumjeruhi mnyama hana ruhusa ya kurudi nyumbani mpaka amemfuata na kummaliza. Lakini wenye busara zaidi walijua kwamba msiba wa namna hiyo mara nyingi huanzia dukani, siku mtu anunuapo risasi isiyofaa.

Kiasi kizima cha bunduki kina sehemu nne: ganda la shaba, fataki, baruti, na risasi yenyewe, ambayo ndiyo itokayo katika mtutu na kumfikia mnyama. Waingereza hupima uzito wa risasi kwa greni, na greni 7,000 ni sawa na ratili moja. Basi risasi ya greni 500, iliyotumiwa sana kwa ndovu, ni sehemu moja ya ratili iliyogawanywa mara kumi na nne. Mkononi huonekana kitu kidogo, lakini umbo na uzito wake ndio huamua kama mnyama ataanguka au atakimbia na jeraha.

Mwanzoni risasi za bunduki za askari zilikuwa ndefu, nzito, na zenye ncha ya mviringo kama ncha ya kidole gumba. Mwaka 1905 jeshi la Ujerumani lilianza kutumia risasi nyepesi iliyochongoka. Waingereza wakafuata mwaka 1910. Bunduki yao ya .303, iliyokuwa na risasi butu ya greni 215, ikapewa risasi kali ya greni 174. Kwa vita mabadiliko hayo yalikuwa na faida, maana risasi iliyochongoka hupasua hewa vizuri na kufika mbali kwa kasi. Kwa mwindaji wa wanyama wakubwa yalikuwa hasara.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Risasi iliyochongoka ina uzito mwingi nyuma kuliko mbele. Tena ile ya .303 ilijazwa kitu chepesi ndani ya ncha, kama vile aluminiamu, na risasi nzito ikabaki nyuma. Hewani haina taabu, kwa kuwa mifereji iliyomo ndani ya mtutu huizungusha na kuiweka sawa. Lakini ikiingia katika nyama na mfupa, mzunguko ule hautoshi tena. Ni kama mkokoteni wenye mzigo wote nyuma: gurudumu la mbele likigonga jiwe, nyuma hupinda na kutaka kutangulia. Risasi hupinduka, huacha njia yake, na yule aliyelenga moyo hujikuta amepiga tumbo.

Risasi butu iliyo ndefu, yenye ubavu ulionyoka, hushika njia yake vizuri zaidi. Uzito nao husaidia. Risasi mbili zikiwa na unene mmoja, iliyo nzito zaidi huwa ndefu zaidi, na nguvu yake yote husukuma tundu dogo lile lile, kama mkuki mzito upitavyo pale ambapo mkuki mwepesi hukwama. Ndovu dume aweza kufikia tani sita. Fuvu lake ni pana, limejaa vyumba vidogo vya mfupa kama sega la nyuki, na ubongo umekaa ndani sana, nyuma, katikati ya matundu ya masikio. Risasi isiyoweza kupita katika mfupa huo wote bila kupinda humtia mnyama hasira tu.

Bwana W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kuwinda sana katika Karamoja, Uganda, huletwa mara nyingi kama ushahidi kwamba bunduki kubwa si lazima. Ni kweli kwamba aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Walakini wasemao hivyo husahau mambo mawili. La kwanza, risasi yake ya greni 173 ilikuwa ndefu na nzito kwa unene wake, butu, na iliyofunikwa ganda gumu lisilopasuka. La pili, alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue hakika ubongo umekaa wapi. Aliyeiga bunduki yake bila kuiga elimu yake alijitafutia kaburi.

Kwa watu wasio na ustadi huo, mafundi wa Uingereza walitengeneza bunduki zenye nguvu zaidi. Rigby walitoa .450 mwaka 1898, yenye risasi ya greni 480. Jeffery walitoa .404 mwaka 1905, yenye greni 400, nayo ilitumiwa sana na idara za wanyama za Afrika Mashariki. Zikafuata .416 ya Rigby mwaka 1911, yenye greni 410, na .375 ya Holland & Holland mwaka 1912, yenye greni 300. Risasi hizi zote zilizotengenezwa kwa wanyama wakubwa zilikuwa na ncha ya mviringo. Kazi yao yaonekana katika habari za Makueni, Ukambani. Katika miaka ya 1940 Bwana J. A. Hunter wa Idara ya Wanyama aliua huko karibu vifaru elfu moja ili nchi ipate kulimwa. Katika miiba ile kifaru huonekana akiwa hatua chache tu, na hapana nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Hata hivyo, risasi ngumu haifai kila mahali. Kwa simba, chui na pofu, wawindaji walitumia risasi yenye ncha laini, ambayo hufunguka kama uyoga na kufanya jeraha pana. Kwa ndovu na kifaru walitumia ngumu peke yake. Kwa nyati wengi walitanguliza laini, kisha ngumu zikafuata, maana nyati akimbiapo hugeuza mgongo, na risasi hapana budi kupita mwili mzima.

Risasi nzito ina gharama zake pia. Hupiga bega teke, na mtu aogopaye bunduki yake hulenga vibaya. Hupoteza kasi upesi hewani, lakini hilo si neno, kwa kuwa ndovu na nyati hupigwa kwa karibu. Kadhalika jua la nchi zetu huongeza nguvu ya baruti. Viasi vilivyoachwa juani vyaweza kufanya ganda likwame ndani ya mtutu, wakati ule ule mwindaji anapohitaji risasi ya pili.

Siku hizi viko viwanda vinavyochonga risasi ya shaba tupu yenye ncha bapa, nayo hushika njia kuliko hata ile ya mviringo. Lakini mwanzo wake ni elimu ile ile ya zamani. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kazi ya kumwondoa mnyama mharibifu ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lililoundwa mwaka 1989. Mkulima aonaye ndovu katika mahindi yake na apeleke habari kwa askari wa shirika hilo, wala asichukue upinde au bunduki ya kuazima. Mshale au risasi isiyofaa haiondoi hatari shambani. Huihamisha tu, ikaipeleka katika njia ya jirani.