Talling na Fitoplanktoni za Ziwa Victoria

Mtahiniwa, katika mada ya ikolojia umesoma kwamba mnyororo wa chakula huanza na mzalishaji. Nchi kavu mzalishaji unamwona: nyasi, mhindi, mwembe. Katikati ya ziwa humwoni, kwa sababu huko wazalishaji wakuu ni fitoplanktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini na kujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Dagaa, sato, sangara na mvuvi mwenyewe wote wanavitegemea.

Mengi tunayoyajua kuhusu fitoplanktoni za maziwa ya Afrika yalianzia kwa Mwingereza Jack Talling (1929–2017). Alifanya kazi kwanza Khartoum, Sudani, kisha mwaka 1960 na 1961 akawa Jinja, Uganda. Kwa mwaka mzima alirudi tena na tena kwenye maji ya kina ya Ziwa Victoria, mbali na ufukwe, akapima joto, mwanga, oksijeni, kemikali na wingi wa fitoplanktoni kuanzia juu hadi chini.

Swali lake lilikuwa zuri. Ziwa liko kwenye ikweta, jua lipo mwaka mzima. Kwa nini basi fitoplanktoni ziongezeke miezi fulani na kupungua mingine? Jibu alilipata kwenye joto la maji. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Virutubisho hubaki chini gizani. Ifikapo Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki huvuma, maji ya juu hupoa, na ziwa huchanganyika hadi chini. Tofauti ya joto ni ya nyuzi chache tu, lakini inatosha. Hapo ndipo diatomu ziliposhamiri. Diatomu zina ganda la silika, ni nzito, na bila maji kukorogwa huzama.

Mtihani hupenda swali la chupa mbili, kwa hiyo lielewe vizuri. Chupa angavu na chupa nyeusi hujazwa maji yaleyale ya ziwa na kuning'inizwa kwenye kina kimoja. Katika chupa angavu kuna usanisinuru na upumuaji. Katika nyeusi kuna upumuaji tu. Tuseme oksijeni ilikuwa miligramu 7 kwa lita. Baada ya saa kadhaa chupa angavu ina 9, nyeusi ina 6. Uzalishaji halisi ni 9 − 7 = 2. Upumuaji ni 7 − 6 = 1. Uzalishaji wa jumla ni 3. Wengi huandika 2 na kuacha hapo, wakapoteza alama. Njia hiyo ilikuwapo kabla ya Talling. Yeye aliitumia kuonyesha jinsi mwanga unavyotawala uzalishaji wa ziwa zima, na kwamba fitoplanktoni zikizidi hutiliana kivuli zenyewe kwa zenyewe.

Mwaka 1965 yeye na mkewe Ida walichapisha pia vipimo vya kemikali za maji ya maziwa mengi ya Afrika. Orodha ya namna hiyo inachosha kusoma, nakubali. Lakini takriban miaka 30 baadaye watafiti, akiwamo Robert Hecky, walipopima tena Ziwa Victoria, walikuwa na cha kulinganisha nacho. Klorofili ilikuwa imeongezeka sana. Silika ilikuwa imepungua sana. Diatomu zilikuwa zimepisha sainobakteria, na maji ya chini yalikosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi wa mwaka. Bila vipimo vya Talling tungebaki na kauli za wazee kwamba zamani maji yalikuwa safi.

Ukiulizwa ueleze mabadiliko hayo, usiandike tu kwamba “mbolea huua samaki”. Andika hatua. Udongo, majitaka na mbolea huleta fosforasi na nitrojeni, fitoplanktoni huongezeka, diatomu hutumia silika na kuzama nayo, silika ikipungua, sainobakteria hutawala, kwani haziihitaji, nyingi huelea kwa vifuko vya gesi, na baadhi hujipatia nitrojeni kutoka hewani. Zikifa huzama, bakteria huzioza na kumaliza oksijeni ya chini. Samaki wa kina hukosa pa kuishi, na baadhi ya sainobakteria hutoa sumu kwenye maji ambayo miji kama Mwanza na Kisumu huyasafisha ili watu wayanywe.

Usimtwike sangara lawama yote. Aliwala furu wengi, ni kweli, lakini alishamiri miaka ya 1980, ilhali tabaka za matope zilizochimbwa sakafuni mwa ziwa zinaonyesha kwamba fitoplanktoni zilianza kuongezeka miongo kadhaa kabla yake, wakati mashamba na watu walipokuwa wakiongezeka kuzunguka ziwa.