Sura ya 7: Joto Huhamishwa, Halifi

Kila joto linapokaza hapa Same, Januari na Februari, hatakosekana kijana wa kuniletea kigae cheupe cha sentimita nne kwa nne, nyaya nyekundu na nyeusi zikining'inia, akisema amepata dawa ya kompyuta kuchemka. Ukikiunganisha na betri ya volti 12, upande mmoja hupata baridi ya kushtua kidole kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi. Baada ya hapo huwezi tena kumwambia kitu.

Afadhali huyu kuliko wale wa kuweka mdungusikakati pembeni ya kompyuta ili "unyonye mionzi", au wa kupaka dawa ya meno juu ya prosesa badala ya pesti. Dawa ya meno hukauka kwa siku chache ikabaki chaki, na mdungusikakati haunyonyi chochote zaidi ya maji unayoumwagia. Kigae cha Peltier angalau ni fizikia ya kweli. Kasoro iko kwenye matumizi.

Imani yenyewe ni kwamba kigae kinatengeneza baridi. Hakuna kifaa kinachotengeneza baridi. Friji na kiyoyozi huhamisha joto kutoka hapa kwenda pale, na kazi hiyo ya kuhamisha huzaa joto lake. Mfaransa Jean Peltier aliona mwaka 1834 kwamba mkondo wa umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, ungio moja hupoa na jingine hupata moto. Miaka minne baadaye Heinrich Lenz aligandisha tone la maji kwenye ungio la bismuthi na antimoni, akaugeuza mkondo, tone likayeyuka. Vigae vyetu vya leo hutumia semikondakta ya bismuthi na teluri, lakini kanuni ni ileile.

Soma maandishi ya kigae chenyewe, maana watu husoma bei tu. TEC1-12706: tabaka ni 1, jozi za semikondakta ni 127, mkondo wa juu ni ampea 6 hivi. Karatasi ya kiwandani husema kinaweza kuhamisha wati 50 hadi 57, na kinaweza kutenganisha pande zake kwa nyuzi 66 au zaidi. Hapa ndipo wengi huanguka. Namba hizo mbili hazipatikani kwa pamoja. Wati 50 unazipata pale tu ambapo tofauti ya pande mbili ni sifuri. Nyuzi 66 unazipata pale ambapo hakihamishi joto lolote. Ile baridi ya kwenye kidole ilikuwa ya kigae kisicho na mzigo.

Sasa kipe mzigo. Chukua prosesa ya wati 65, ya kawaida kabisa kwenye kompyuta za mezani, na mapezi ya alumini yenye feni ambayo kwa kila wati hupanda nyuzi 0.3 juu ya hewa ya chumbani. Chumba kina nyuzi 32. Bila kigae, kitako cha mapezi kitafika nyuzi 51.5, na hakuna ugonjwa hapo. Ingiza kigae katikati, kikinywa volti 12 na ampea 5: umeongeza wati 60. Mapezi yaleyale sasa yanabeba wati 125 na kufika nyuzi 69.5. Ili tu urudi ulipokuwa, kigae kinatakiwa kitenganishe pande zake kwa nyuzi 18 huku kikihamisha wati 65, na tumeona kwamba hata kwa tofauti ya sifuri hakizifikii. Joto linarundikana chini yake mpaka prosesa inakuwa ya moto kuliko mapezi. Mapezi ni kama mfereji wa kutolea maji kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia: upana wake ndio unaoamua, na pampu inayokuja na maji yake yenyewe huujaza mapema.

Hizo wati 60 kwa saa kumi ni uniti 0.6 za LUKU kila siku, na Upareni kila uniti huulizwa imekwenda wapi. Tena Same iko karibu mita 860 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam kwa joto lilelile, hivyo feni ileile huondoa joto pungufu kidogo.

Nilikusudia sasa nieleze jinsi ya kuchagua feni, lakini siwezi kuupita umande, kwa sababu kila mtu huniambia, "Mzee, Same ni kukavu, hakuwezi kutoka maji."

Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa umande ikikutana na kitu cha nyuzi 17 hivi. Panda msitu wa Chome asubuhi ya ukungu: hewa ni ya nyuzi 18, unyevu asilimia 95, na umande wake huanza kwenye nyuzi zilezile 17. Yaani hewa uliyoiita kavu na ile inayolowesha koti lako zina mvuke karibu sawa. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima upande wa Gonja, hupanda, na hupoa karibu nyuzi moja kwa kila mita 100 hadi mvuke unajitokeza kuwa ukungu na mvua. Kileleni Shengena, mita 2,462, kuna mawingu wakati Same jua linapasua. Upepo ukishuka upande wetu umekwisha kumwaga sehemu ya maji yake, na kwa kushuka hupata joto tena. Ndiyo maana tangawizi ya Mamba Myamba huwezi kuiotesha kando ya barabara kuu bila kumwagilia. Lakini mvuke uliobaki haujaisha. Sahani ya nyuzi 10 ndani ya kompyuta hapa mjini itatona, na matone yataangukia mazabodi. Kule Chome sahani yenye baridi ya nyuzi mbili tu chini ya hewa ya chumbani inatosha.

Intel wenyewe waliujua umande huu. Mwaka 2020 walitoa mfumo wa kupoza prosesa kwa kigae, ukiwa na programu ya kupima unyevu na kukizuia kigae kisipoze chini ya kiwango cha umande. Na ulitegemea mzunguko wa maji, kwa sababu wati za kuondoa zilikuwa nyingi mno. Mwaka 2023 waliuacha. Kampuni ya Phononic ilijaribu kwa feni peke yake mwaka 2016, ikafanya jambo la busara: kigae kiliamka pale tu prosesa ilipozidiwa, na muda mwingine joto lilipita njia yake ya kawaida.

Fundi wa mtaani hana njia hiyo ya pili. Prosesa yake imekaa chini ya kigae moja kwa moja, na ili asiielemee pawa sapulai ya kompyuta, kigae amekipa sapulai yake ya pembeni. Fyuzi ya sapulai hiyo ikikatika kompyuta haijui. Kigae kisicho na umeme hupitisha karibu nusu wati kwa kila nyuzi moja ya tofauti, hivyo wati 65 zitataka tofauti ya zaidi ya nyuzi 100 ili zipite. Prosesa itaanza kupunguza kasi ikikaribia nyuzi 100, kisha itajizima. Mwenye mashine atakuja kusema ina virusi. Ifungue, toa kigae, piga brashi vumbi jekundu lililoziba mapezi, paka pesti mpya, uiwashe.